Maswali ya Wasomaji: Kijito Kinachokauka Mwezi wa Tisa

*Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mboga katika tarafa ya Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Kijito kinachopita chini ya mashamba yetu zamani kilikuwa na maji mwaka mzima. Siku hizi wakati wa masika kinashuka chekundu kwa tope, na ikifika mwezi wa tisa tunachota kwa kata. Tulipanda miti kando yake lakini sioni nafuu. Tumekosea wapi?*
— Mama mkulima, Mgeta

Mama, hamkukosea kupanda miti, ila mlianzia mwisho. Maji mnayochota mwezi wa tisa ni mvua ya masika iliyozama katika mashamba na misitu ya juu, ikashuka polepole chini ya ardhi hadi ikatokea kwenye chemchemi. Udongo unapoachwa mtupu, matone ya mvua huupiga mpaka uso wake ukaziba, na maji ambayo yangezama huteremka kwa kasi yakiwa yamebeba rutuba yenu. Kwa hiyo wekundu wa Aprili na ukame wa Septemba ni ugonjwa mmoja, na dawa yake iko zaidi shambani kuliko ukingoni.

Kabla ya kushika jembe, kifuateni kijito kwa miguu, watu watatu au wanne, mara tu mvua kubwa inapokatika. Bebeni chupa tupu za plastiki zinazoonyesha ndani, mteke maji kila mahali kijito kinapopokea mkondo mwingine, mziandike alama na kuziacha zitulie hadi asubuhi. Mchanga hutuama upesi, udongo laini huchelewa, na chupa yenye tope nene kuliko zote itawaambia mkondo wa kuanza nao. Msishangae mkigundua kwamba tope halitoki katika shamba la yule mliyekuwa mkimlaumu, bali katika njia ya miguu iliyonyooka kutoka juu hadi chini, ambayo mvua imekwisha kuigeuza korongo. Njia kama hiyo ikikatwa kwa vizuizi vya mawe na kuelekezwa pembeni kila baada ya hatua chache, huenda ikawapa nafuu ya haraka kuliko miche mia moja.

Mashambani, kazi kubwa ni makinga maji yanayofuata mstari ulio sawa kimo, na kipimo chake hakinunuliwi dukani. Chukueni miti miwili iliyonyooka, kila mmoja wa mita mbili hivi, muifunge juu ili isimame kama herufi A, mpigilie ufito wa kukatiza katikati, kisha mning'inize kutoka kileleni uzi wenye jiwe. Isimamisheni, wekeni alama pale uzi unapogusa ufito, halafu igeuzeni ili kila mguu ukanyage mahali pa mwenzake, na wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo uzi unapotakiwa kutulia kila miguu inapokuwa kwenye kimo kimoja. Chimbeni mfereji kufuata mstari huo mkitupa udongo upande wa juu wa mteremko, njia inayoitwa fanya juu, na juu ya tuta pandeni majani tembo au gwatemala, ambayo hushika udongo na kulisha mbuzi. Mabaki ya mahindi na maharage yaachwe yafunike ardhi badala ya kuchomwa.

Na kwa kuwa nyinyi ni watu wa mboga: bomba la dawa lisioshwe kijitoni hata mara moja. Kopo la dawa likiisha lisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba ili yapuliziwe shambani.

*Jirani yetu amepanda mikaratusi karibu kabisa na chemchemi ya kitongoji. Vijana wanataka kwenda kuikata usiku. Sheria inasemaje?*
— Msomaji, Morogoro Vijijini

Wazuieni vijana hao. Ni kweli kwamba mikaratusi hunywa maji mengi, lakini visiki vyake huchipua upya, kwa hiyo mtabaki na machipukizi, kesi polisi na jirani aliyegeuka adui. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, pamoja na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inawaruhusu watumiaji kuunda jumuiya yao ya watumia maji chini ya bodi ya maji ya bonde la mto, ambayo kwenu ni ya Wami/Ruvu. Anzeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mlifikishe suala hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambapo mnaweza pia kujadili sheria ndogo itakayopelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa.

Nakiri kwamba kwa mwenye nusu eka bondeni, mita 60 ni shamba zima, kwa hiyo mazungumzo yaanze na kile atakachokula. Aruhusiwe kuvuna nguzo zake, visiki ving'olewe, na mahali pake ipandwe mikuyu au mizambarau pori, kwa miche inayotolewa na kijiji kizima. Milima hiyo ilikwisha kuonja shuruti: wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 watu waliyagomea hadi mpango wote ukafa.

*Mimi ni mpangaji Tabata, Dar es Salaam, sina shamba wala kijito. Nahusikaje?*
— Mpangaji

Unahusika mara mbili. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hutoka Mto Ruvu, unaoanzia hukohuko Uluguru, na mfereji wa mtaani kwako unaelekea Mto Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Kisarawe hadi baharini karibu na Daraja la Selander. Takataka zisitupwe mferejini, hilo unalijua. Linalosemwa kwa aibu ni kutapisha vyoo mvua inapoanza kunyesha, kinyesi kikapita uani kwa jirani wa chini na kuingia visimani kabla hakijaufikia mto. Ongea na wapangaji wenzako mchangie gari la majitaka mwezi wa pili, shimo likiwa bado halijajaa na njia ya kuingilia mtaani bado ni kavu.