Mama Bustani: Waridi la jangwani limepukutika majani

Shikamoo, Mama Bustani. Mwezi wa Februari nilinunua waridi la jangwani Dar es Salaam, kwa wauza miche wa kando ya barabara, nikasafiri nalo kwa basi hadi nyumbani. Lilikuwa limesheheni maua. Ilipofika Juni majani yakageuka manjano, yakapukutika yote. Nikadhani lina kiu, nikawa nalimwagilia kikombe kimoja kila asubuhi. Sasa lile shina nene la chini limelainika upande mmoja. Je, litapona? Halafu jirani ananiambia lina sumu, nami nina mtoto wa miaka miwili. (Msomaji, Iringa)

Marahaba, mwanangu. Acha kumwagilia leo hii.

Kupukutika kwa majani hakukuwa ugonjwa. Mti huu ni wa nyika zetu. Ukipita Tsavo au Mkomazi wakati wa kiangazi utaukuta umesimama mtupu katikati ya miiba, hauna jani hata moja, na ncha za matawi zimejaa maua mekundu na ya waridi. Unaishi kwa maji uliyojiwekea kwenye lile tumbo la chini. Sasa huko kwenu, usiku wa Juni na Julai baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10, na kwa mmea huu huo ndio mpaka. Mizizi inalala. Maji unayomimina hayanywewi, udongo unabaki chepechepe, na mzizi uliolala kwenye tope huoza.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji wangu msiangalie majani, angalieni shina. Libonyeze kwa kidole gumba. Likiwa limenywea pande zote na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu. Likiwa limelainika upande mmoja na udongo una unyevu, huo ni uozo, na ndio unaonieleza wewe.

Lipo tumaini iwapo uozo haujazunguka shina zima. Vaa glavu. Ng'oa mmea, kung'uta udongo wote, kata mizizi iliyokuwa laini na ya kahawia. Kisha chukua kisu kikali ulichokifuta kwa spiriti, uanze kukata ile sehemu laini. Kata bila huruma hadi ufike kwenye nyama nyeupe, ngumu, isiyo na doa. Ukibakiza doa dogo tu, uozo unaendelea. Futa kisu tena kila unapokata. Kidonda kipake unga wa salfa, ile ile wanayoitumia wakulima wa korosho kule kusini. Ukiikosa, unga wa mdalasini husaidia kukausha. Baada ya hapo uache mmea hewani, kivulini, mahali pakavu, wiki moja au mbili, hadi kidonda kikauke kabisa. Usiogope kuuona bila udongo siku zote hizo. Tumbo lake linautosha.

Utakapopanda tena, usirudie udongo ule mweusi ulionunuliwa nao. Wauza miche huupenda kwa sababu mmea hunawiri haraka na kuuzika, na pale Dar joto hukausha chungu upesi. Iringa haukauki. Changanya mchanga mnene wa mtoni sehemu mbili, changarawe ndogo sehemu moja, mboji sehemu moja. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Chungu kiwe cha udongo wa kufinyanga, chenye tundu chini, kisizidi sana upana wa mizizi. Kiweke ndani kwenye dirisha linalotazama kaskazini, kwa sababu miezi hii jua lenu liko upande huo. Usimwagilie mpaka joto lirudi, Septemba au Oktoba, na uone vichipukizi. Hapo mwagilia hadi maji yatoke chini ya chungu, kisha usirudie mpaka udongo ukauke wote.

Kuhusu sumu, jirani yako kasema kweli. Utomvu wake huvuruga mapigo ya moyo, na wawindaji wa Afrika Mashariki na kwingineko wameutumia kwenye mishale. Ni wa ukoo mmoja na msunguti, ule mti mwingine wa sumu ya mishale. Kuupita tu au kuushika shina hakudhuru, lakini mtoto wa miaka miwili hutia kila kitu kinywani. Uweke juu asikofikia, okota kila jani na ua linaloanguka, na vile vipande ulivyokata vifukie mbali na mifugo. Osha mikono na kisu kwa sabuni.

Bi, salaam. Nimepanda tawi la waridi la jangwani, likashika vizuri, lakini shina ni jembamba tu. La shoga yangu lina tumbo kubwa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Hukukosea. Tawi hutoa mizizi, pengine minene, lakini ni nadra kutoa tumbo la kupendeza. Tumbo hutokana na mbegu, nalo huanza kuonekana mche ungali mdogo. Mwombe shoga yako: mti wake ukitoa matunda, huwa mawili mawili, marefu, ayafunge kwa uzi kabla hayajapasuka. Mbegu zina manyoya ncha zote mbili, na upepo ukizipata hamzioni tena. Zipande zingali mpya, juu juu, kwenye mchanga wenye unyevu kidogo; kwa joto la Mombasa zitaota ndani ya wiki moja hivi. Kila unapohamisha mche, upandishe kidogo, mizizi ya juu ionekane. Mizizi hiyo ndiyo itakayonenepa.

Nakusihi jambo moja: usimtume mtu akuchimbie mti mkubwa porini. Umekua miaka mingi pale, na mara nyingi mizizi hukatika, ukafia chunguni.

Assalaam alaykum. Niko Muscat. Waridi langu liko kibarazani, majani yanaungua, na kwenye vifundo vya matawi kuna vitu vyeupe kama pamba. (Msomaji, Oman)

Wa alaykumu ssalaam. Upo kwenye nchi ya mti wenyewe, kwani huota wenyewe milimani Dhofar. Ila wa chunguni una mizizi iliyobanwa, na sakafu ya kibaraza huchoma. Uinue juu ya matofali, uwekee kivuli kuanzia adhuhuri, na usifuate niliyomwambia msomaji wa Iringa: kwako miezi ya joto ndio msimu wa kukua, mwagilia kila udongo unapokauka.

Vile vyeupe ni wadudu waitwao vidung'ata. Futa kimoja kimoja kwa pamba yenye spiriti, jioni, jua likiwa limeshuka, na urudie kila wiki mpaka viishe. Kisha uinue mmea chunguni ukague mizizi, maana hupenda kujificha huko.