Kioo, mwembe na mshipa wa mtoto: maswali yenu wiki hii

Meseji zimejaa, karibu zote damu na mishipa ya watoto, na msimu wa maembe ndio kwanza umeanza. Haya twende.

"Dokta, mwanangu wa mwaka na nusu alijikata na kioo, damu ikawa inaruka, jirani akatuwekea kahawa. Tulikosea?"

Kahawa ni ya kunywa mama. Damu inayoruka kwa kufuata mapigo ni ateri hiyo, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, chukua kitambaa safi hata khanga, kandamiza palepale kwa nguvu, usifunuefunue kuchungulia, ikilowa ongeza kingine juu na safari ya hospitali ianze. Mtoto wa kilo 10 damu yake yote ni kama mililita 800, kwahiyo chupa moja ya soda ikimwagika karibu nusu imeondoka! Na msitulizwe na presha nzuri, mtoto presha yake hushikilia mpaka dakika za mwisho, angalia moyo unavyokimbia, ngozi ya baridi na kusinziasinzia.

"Wangu kaanguka mwembeni kavunjika juu ya kiwiko. Wanasema mapigo ya mkono hayasikiki ila kiganja kiko sawa, eti wanaanza na mfupa. Si uzembe huo?"

Sio uzembe. Mfupa ukihama pale unaubana mshipa au unaufanya ujikaze tu kwa mshtuko, mishipa ya watoto ina hiyo tabia, sasa ukirudishwa na kupigwa pini mara nyingi mapigo yanarudi yenyewe. Yasiporudi lakini kiganja kina damu yake na ni cha moto, wengi wetu tunakaa naye wodini tunamcheki kila saa. Kikiwa cheupe na baridi, hapo hakuna kusubiri, ni kufungua tuone mshipa, maana baada ya kama saa 6 misuli inaanza kufa. Mjerumani Richard von Volkmann aliuandika mkono wa namna hiyo mwaka 1881, vidole vimejikunja kama mguu wa kuku na havinyooki tena.

"Babu yake anataka apelekwe kwa fundi wa mifupa."

Mpe babu chai, mtoto mlete kwetu. Nimeshapokea vidole vyeusi kwa sababu ya vijiti vilivyokazwa kamba. Ila hata piopi yetu, ile plasta ngumu ya mfupa, inabana, mtoto akizidi kulia badala ya kupungua, ukimnyoosha vidole anapiga yowe, rudini usiku huohuo ipasuliwe.

"Walitoa mshipa mguuni wakapachika mkononi. Akikua si utakuwa mfupi?"

Unatanuka naye, ndio maana wanashona nyuzi mojamoja badala ya uzi mmoja kuzunguka wote. Mguu nao una vena nyingine, yaani mishipa ya kurudisha damu kwenye moyo. Ila kliniki msikimbie hata mkono ukipona, mkono unaopata damu kidogo unaweza kubaki mfupi, kwahiyo tunaupima na mwenzake mpaka amalize kurefuka.