Mtoto wa ziwa, pisini ya nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binamu yangu anayesoma Liège amenitumia video. Ni Januari, nje theluji, wao wamo ndani ya pisini, bwawa la kuogelea, watu wazima wanapinduka na vimtumbwi vya plastiki. Ati ndivyo wanavyojifunza kayaki ya mito yenye mikondo mikali. Mimi napiga kasia Ziwa Kivu, Idjwi na Bukavu, tangu nina miaka tisa, sijapinduka hata mara moja. Mwezi wa saba anakuja na kayaki mbili, anataka twende mto Ruzizi. Kweli nami nahitaji masomo hayo?
*Mtoto wa Nguba*

JIBU: Marahaba. Unayahitaji kuliko yeye, mwanangu, na sababu ni hiyo hiyo ya kutopinduka.

Kiburi chako nakijua, nami nilikwenda nacho kusoma huko Ulaya. Wakati wa baridi maji ya mto yanakukata pumzi, lakini pisini ina joto. Jioni moja unapinduka mara ishirini, unatoka umechoka tu.

Pirogi, huo mtumbwi wako, unaikalia, ikipinduka inakumwaga. Kayaki unaivaa. Sketi ya mpira inakubana kiunoni na kufunika tundu unalokalia, kwa hiyo ikigeuka unabaki humo, kichwa chini. Ndiyo maana somo la kwanza si kasia, ni kutoka. Inama mbele, gonga ubavu wa kayaki mara tatu, vuta kitanzi cha sketi, kisha jisukume kwa mikono kama unayevua suruali.

Siku ya pili nilivaa sketi haraka haraka, kitanzi kikabaki ndani. Nikapinduka. Napapasa, hakuna kitu, klorini imejaa puani. Mwenzangu aliyesimama kwenye maji ya kifua ndiye aliyenigeuza. Tangu hapo naifunga kuanzia nyuma kuja mbele, na sishiki kasia kabla sijakigusa kitanzi, kiko nje.

Kujiinua bila kutoka ni kazi ya kiuno. Nikajisemea, mtu wa Bukavu hapo atashindwaje? Kumbe kichwa ndicho adui. Kinataka hewa, kinatangulia, kayaki inarudi chini. Shika ukingo wa pisini, laza kichwa begani, zungusha nyonga kwanza, kichwa kitoke mwisho kabisa. Mimi ilinichukua wiki tano.

Ruzizi, hapana. Toka hapa hadi Ziwa Tanganyika inashuka karibu mita 700, na bwawa la umeme la Ruzizi I liko karibu tu na mji. Pisini haifundishi mkondo, sembuse bwawa.

Kivu haina baridi mwaka mzima. Nendeni ghubani asubuhi kabla ya upepo, maji ya kiunoni, mmoja ndani ya kayaki, mwingine amesimama kando yake. Kofia ngumu vaeni hata hapo, mawe ya ufukweni unayajua.

Na mwambie binamu alete vibanio vya pua, viwili. Huku sijawahi kuviona dukani.