Jedwali limekubali, mkufunzi amekataa

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma stashahada ya ujenzi, mwaka wa pili. Kikundi chetu kilipewa kazi ya kupima vimo kwa levo (mashine yenye darubini inayolenga usawa): tuanzie kwenye benchimaki (alama yenye kimo kinachojulikana), tupande hadi kwenye kiwanja tunachokitumia katika somo la usanifu wa majengo, tusome kona nne za jengo, kisha turudi pale pale tulipoanzia. Tulisimamisha mashine mara sita, njia nzima ikawa mita 840. Jumla ya usomaji wa nyuma (wa alama ambayo kimo chake tayari tunacho) ni 9.412 na ya usomaji wa mbele (wa alama inayofuata) ni 9.611, tofauti ni −0.199. Kimo cha mwisho nilichopata ni 99.801, cha mwanzo kilikuwa 100.000, tofauti ni −0.199 ile ile. Jedwali limekubali kabisa, lakini mkufunzi amelirudisha na kuandika kwa kalamu nyekundu: "Haijafunga." Nimerudia hesabu mara tatu, sioni kosa. Nimekutumia na kurasa za daftari la uwandani. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hesabu zako hazina kosa, na mkufunzi wako naye hajakosea. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa sababu wamezoea kuona zile tofauti mbili zikilingana chini ya jedwali na kudhani kazi imeisha.

Ulinganisho ule unauliza swali dogo tu: je, umejumlisha na kutoa vizuri? Haujui lolote kuhusu kilichotokea uwandani. Ukililisha jedwali namba ya uongo, litaijumlisha kwa uaminifu na kukupa jibu linalolingana pande zote mbili. Swali la kufunga ni jingine. Uliondoka kwenye alama yenye kimo cha mita 100.000, ukazunguka, ukarudi kwenye alama hiyo hiyo. Alama haikuzama sentimita 20 ardhini wakati ninyi mnatembea. Kwa hiyo ile −0.199 unayoifurahia kwa kuwa imelingana ndiyo kasoro yenyewe.

Kinachoruhusiwa ni kiasi gani? Kipimo kinachotumika sana kwa kazi za kawaida za ujenzi ni milimita 12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa njia kwa kilomita. Kwako ni kipeuo cha pili cha 0.84, yaani 0.917, mara 12 unapata milimita 11. Wewe una 199, mara kumi na nane ya hapo. Kama maelekezo ya kazi yenu yametaja kiwango kingine, fuata hicho, ingawa kwa kasoro ya ukubwa huu jibu halitabadilika.

Sasa tulitafute kosa. Mimi kabla ya kugusa kurasa huwa naitazama kwanza kasoro yenyewe, maana ukubwa wake husema mengi. Ikikaribia mita 1.000 au 0.100 kamili, msomaji alikosea tarakimu ya mita au ya desimita kwenye stafu, ile fimbo ndefu yenye vipimo. Ikiwa inagawanyika kwa 9, nashuku tarakimu mbili zimebadilishana nafasi wakati wa kunakili: 1.492 ikiandikwa 1.429, tofauti ni 63, na 63 ni 9 mara 7. Ikiwa ni milimita 15 au 20 tu, hapo sitafuti kosa moja kubwa bali uzembe uliosambaa: stafu iliyoinama, au sehemu ya kugeuzia (pale stafu inapobaki mashine ikihamishwa) iliyowekwa kwenye udongo laini ikazama kidogo wakati mashine inahamishwa.

Lakini kasoro ya sentimita kumi na kitu hadi thelathini, isiyo namba ya mviringo, hunifanya niulize kuhusu mistari. Ndani ya darubini ya levo kuna mstari wa katikati unaosomea kimo, na miwili mifupi, wa juu na wa chini, ya kupatia umbali. Tofauti ya wa juu na wa chini mara 100 ndiyo umbali hadi kwenye stafu. Maana yake mstari wa juu uko mbali na wa katikati kwa umbali gawanya kwa 200. Stafu ikiwa mita 40 kutoka kwenye mashine, hiyo ni mita 0.200. Anayesoma au kunakili mstari usio wake kwa umbali wa kawaida wa kazi hupotea kwa kiasi hicho hicho ulichopotea wewe.

Basi nikaliacha jedwali lako lililoandikwa upya kwa mwandiko mzuri, nikaenda kwenye kurasa chafu za uwandani. Hapo nawapongeza: mmeandika mistari yote mitatu kwa kila usomaji wa nyuma na wa mbele, jambo ambalo vikundi vingi huliruka jua likishawaka. Kituo cha nne, usomaji wa mbele, mmeandika: 1.684, 1.492, 1.300. Jumlisha wa juu na wa chini, gawanya kwa mbili: 1.492. Umekubaliana na wa katikati, kwa hiyo usomaji wenyewe ni mzuri. Umbali ni mita 38.4. Sasa tazama jedwali lako, kituo cha nne, safu ya mbele: 1.684. Ulinakili namba ya juu kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kwenye ukurasa.

Tofauti ni 0.192. Rekebisha: jumla ya mbele inashuka hadi 9.419, kimo cha mwisho kinakuwa 99.993, na kasoro inabaki milimita 7. Umo ndani ya 11. Kazi imefunga.

Angalizo moja, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Hatukuibadilisha 1.684 kwa sababu jibu linapendeza tukiibadilisha. Tumeibadilisha kwa sababu daftari la uwandani lina mistari mitatu inayothibitisha kwamba usomaji sahihi ni 1.492. Kama mngeandika namba moja tu, ningekwambia mrudi mkapime upya, hata kama ningeshuku kosa liko wapi. Na usifute. Piga mstari mmoja juu ya 1.684 ili iendelee kusomeka, andika 1.492 pembeni, weka sahihi yako ya kifupi. Daftari la mpima lenye alama za ufutio hunitia shaka kuliko lenye makosa.

Hizo milimita 7 zilizobaki zigawe kwa vituo. Umefika chini kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo unaongeza. Vituo ni sita: baada ya kituo cha tatu unaongeza nusu yake, 3.5, tuseme 4. Baada ya cha sita unaongeza 7 zote na kurudi kwenye 100.000 kamili. Kona zako nne mlizisoma kutoka kituo cha tatu, basi zote zinapata marekebisho ya kituo hicho.

Hapo utaona jambo. Kosa lilikuwa kituo cha nne, yaani mkiwa mnarudi. Vimo vya kona havikuguswa hata kidogo. Vilikuwa vizuri tangu mwanzo. Ila bila kufunga usingekuwa na namna ya kulijua hilo. Lingetokea kituo cha pili, kiwanja chote kingeshuka milimita 192, na wewe ungeenda nacho hivyo hivyo kwenye meza ya usanifu. Chukua bomba la maji taka la mita 12 kutoka kwenye jengo hadi kwenye shimo la ukaguzi, mteremko wa 1 kwa 60. Mwanguko wake wote ni milimita 200. Kosa la 192 likiingia kwenye kimo cha upande mmoja tu, linaweza kuumeza karibu wote: kwenye mchoro maji yanashuka, kwenye mtaro yanatuama.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ukurasa wako umenionyesha mambo mawili ambayo mkufunzi hajayagusa na yatakusumbua baadaye kuliko hilo la kunakili.

La kwanza, zile kona nne zote ni usomaji wa kati, yaani uliofanywa kati ya ule wa nyuma na ule wa mbele bila kuhamisha mashine. Hakuna njia inayogeuzwa juu yake, kwa hiyo kufunga hakuukagui. Ungesoma kona moja 2.315 badala ya 1.315, njia ingefunga vile vile kwa milimita 7, na kona moja ya jengo ingekuwa mita nzima chini ya wenzake. Ukitumia njia ya kimo cha mstari wa kulenga (kimo cha darubini kutoa kila usomaji), ulinganisho wa chini ya jedwali hauzigusi kabisa. Ukitumia njia ya kupanda na kushuka (tofauti ya kila usomaji na uliotangulia), angalau hesabu zake zinakaguliwa, lakini usomaji wenyewe bado haukaguliwi na mtu. Nikiwa kijana kazini niliwahi kusoma kona kwa haraka namna hiyo, na aliyeligundua kosa ni fundi mwashi aliyenyoosha kamba tu na kuuliza kwa nini kona moja imezama. Tangu siku hiyo sehemu muhimu nazisoma mara mbili, kutoka vituo viwili tofauti.

La pili ni umbali. Ukitumia mistari yenu, mkipanda usomaji wa nyuma ulikuwa mrefu kuliko wa mbele kwa karibu mita 30 kila kituo. Mkishuka ikawa kinyume. Ni kawaida ya mlima. Lakini kama mstari wa kulenga wa mashine yenu umeinama kidogo, kosa mlilolikusanya mkipanda mmelirudisha mkishuka, na njia imefunga vizuri huku kiwanja kilichoko juu kikiwa na kosa. Fanyeni jaribio la vigingi viwili. Weka vigingi A na B mita 60 mbalimbali, simamisha levo katikati kabisa: tuseme A inasoma 1.425 na B 1.180, tofauti ya kweli ni 0.245, kwa sababu umbali ukiwa sawa kosa la mstari linajifuta. Kisha hamia nyuma ya A, mita 3 kutoka kwake. A ikisoma 1.510, B inatakiwa isome 1.265. Ikisoma 1.271, mstari umepanda milimita 6 katika mita 60. Kwa vituo vyenu vitatu vya kupanda, tofauti ya mita 90 ingeleta milimita 9 pale juu, na kufunga kusingeonyesha chochote.

Kuhusu mviringo wa dunia ulioutaja pembeni ya daftari kwa alama ya kuuliza: kwa mita 100, ukichanganya na kupinda kwa mwanga, haifiki hata milimita moja. Achana nao.

Peleka kwa mkufunzi jedwali lililorekebishwa pamoja na kurasa za uwandani zenyewe, si nakala. Na kabla ya kuanza kuchora msingi, rudini kiwanjani na stafu, simamisheni mashine mahali pengine kabisa, msome zile kona nne tena. Haitachukua nusu saa.