Mvinyo wa dhahabu haujaharibika

SWALI: Nimeletewa zawadi ya mvinyo mweupe wa Rioja, Hispania. Lebo inasema Crianza, mavuno ya 2020. Rangi yake ni ya dhahabu, tofauti kabisa na niliyozoea. Muuzaji wa duka la jirani ameniambia umeshachacha, ila nikiugandisha kwenye friza na kuunywa na samaki, ladha mbaya haitasikika. Jumamosi nina wageni. Nifanyeje? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Friza hapana, tafadhali. Ushauri huo nausikia karibu kila wiki, na kuna chupa nzuri sana zinazoishia kwenye sinki kwa sababu yake.

Hiyo Crianza kwenye lebo si pambo. Huko Rioja, mvinyo mweupe hauruhusiwi kuitwa hivyo mpaka ukae angalau miezi 6 ndani ya pipa la mwaloni, kwa kawaida la lita 225. Mti unapitisha hewa kidogo kidogo, na hewa hiyo ndiyo inayougeuza mvinyo kutoka kijani hafifu hadi dhahabu. Mvinyo mwekundu ukizeeka hupauka, mweupe hukolea. Kwenye kiwanda cha mvinyo cha Marqués de Murrieta, hukohuko Rioja, mvinyo mweupe wa mavuno ya 1986 ulikaa miaka 21 ndani ya mapipa kabla ya kutiwa chupani, na watu wanautafuta kwa udi na uvumba. Sasa mtu aniambie chupa yako ya 2020 imezeeka!

Baridi ndiyo inayonikera zaidi. Mwezi uliopita mteja alinirudishia glasi ya mvinyo wa aina hiihii, akasema ni mchungu na hauna harufu. Chupa ilikuwa imezikwa kwenye barafu tangu mchana. Sikubishana naye, niliiacha glasi mezani nusu saa, nikamwomba ainuse tena. Akasikia asali, njugu zilizokaangwa, na nyuma yake nazi. Mvinyo ulikuwa uleule. Baridi kali huua harufu na kuacha ukali na uchungu wa mti peke yake. Huu unatakiwa nyuzi 10 hadi 12, kwa hiyo uweke kwenye friji ya kawaida, kisha utoe kama nusu saa kabla ya kumimina.

Hiyo nazi haikutoka hewani. Rioja wametumia mwaloni wa Marekani kwa vizazi, na mti huo una harufu ya nazi na vanila ndani yake. Ndiyo maana ningekuwa wewe ningepika kuku wa kupaka, tui zito, pilipili kidogo tu, maana pilipili kali huufanya mvinyo uchome. Kuku wa kuoka na uyoga wa siagi pia vinakaa vizuri. Wenyeji wa kaskazini ya Hispania huutumia na bacalao, samaki wa chumvi anayepikwa polepole kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Samaki basi anafaa, lakini awe mnene na mwenye mafuta: nguru wa kuchoma, sawa, tilapia aliyekamuliwa ndimu, hapana, mvinyo utaonja kama vumbi la mbao.

Na hili nawaambia wote mnaonunua mvinyo, si msomaji huyu peke yake. Anayekuhimiza uunywe ukiwa barafu anakufichia kitu. Mvinyo mbovu ukigandishwa hauponi. Ubovu wake unalala tu mpaka glasi ipate joto la mkono. Nimeona kumbi za harusi zikipitisha hivyo chupa zilizokaa miezi kadhaa dirishani juani, na wageni wanalaumu Hispania.

Jumamosi fungua chupa saa moja kabla ya wageni, mimina kidogo, unuse. Ukisikia siki, au boksi lililoloa maji, umwage. Rangi usiiulize kitu.