Jibu: Kuhema baada ya donge la damu kwenye mapafu
Ndugu, umeuliza kwa nini mama yako bado anahema akipanda ngazi, ilhali ametimiza miezi 6 ya dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa wagonjwa wengi donge huyeyuka; kwa wachache hubaki, likageuka kovu gumu lililoshikamana na ukuta wa ateri ya mapafu, shinikizo likapanda humo na upande wa kulia wa moyo ukaelemewa.

Ningeanza kwa kuulizia picha inayolinganisha hewa na damu katika mapafu, kwa kuwa CT (picha za eksirei zinazopigwa kwa kompyuta, tabaka kwa tabaka) peke yake inaweza kuyakosa makovu hayo. Yakithibitishwa, tiba kuu ni upasuaji wa kuyabandua: mwili hupozwa hadi nyuzi 20 hivi za Selsiasi na mzunguko wa damu husimamishwa kwa vipindi vifupi, ili daktari auone mshipa kwa ndani pasipo damu (inatisha kuisikia, nakiri). Wasioweza kupasuliwa wana njia ya puto, yaani kuingiza puto dogo ndani ya mshipa na kulijaza ili kuupanua, iliyoboreshwa sana na madaktari wa Japani, au riosiguati, dawa ya kutanua mishipa ya damu ya mapafu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Dawa za kuzuia damu kuganda, mama asiziache kabla ya kumwona daktari.