Maswali ya Wasomaji: Kitabu cha Ufafanuzi Kifunguliwe Lini?

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mhubiri mlei katika kanisa dogo la Nyalenda, Kisumu, na sikusomea theolojia. Mzee wa kanisa alinionyesha ufafanuzi wa Biblia wa Matthew Henry, mchungaji wa zamani wa Uingereza, unaosomwa bure kwa Kiingereza kwenye simu, na tangu siku hiyo kila Jumamosi usiku hujikuta nikinakili kurasa zake. Siku ya Alhamisi, katika ushirika wa nyumbani, nikianza kuusoma kwa sauti watu wote hunyamaza. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu mhubiri, unakifungua kitabu mapema mno. Chukua Luka 5, Simoni anaposema, "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu." Isome tangu Jumatatu bila msaada wowote, uandike kila linalokutatiza: kwa nini walivua usiku, na kwa nini asubuhi walikuwa wakiosha nyavu? Ukienda kwa wafafanuzi na maswali hayo, watakueleza kwamba ziwa la Genesareti linalotajwa mwanzoni mwa sura hiyo ndilo ziwa la Galilaya, na kwamba nyavu za kitani za wakati ule samaki waliziona mchana wakazikwepa, hivyo agizo la Yesu la kuzishusha asubuhi lilikwenda kinyume na yote ambayo Simoni aliyajua kuhusu kazi yake. Hilo utalihubiri kwa maneno yako mwenyewe.

Matthew Henry ni mzuri wa kuchochea ibada, lakini usimtegemee kwa historia. Alifariki mwaka 1714 akiwa amefika Matendo ya Mitume, kwa hiyo kuanzia Warumi unawasoma wachungaji wenzake waliomalizia kazi, na wote waliandika zaidi ya miaka 200 kabla ya hati za Qumran, maandiko ya kale ya Kiyahudi yaliyofichwa mapangoni kando ya Bahari ya Chumvi, kuanza kupatikana mwaka 1947. Ushirika wenu ukiweza kuchanga, nunueni Africa Bible Commentary, ufafanuzi wa juzuu moja uliohaririwa na Tokunboh Adeyemo wa Nigeria, ambao ulitolewa mwaka 2006 na kuandikwa na wasomi 70 wa Kiafrika. Nao pia uliandikwa kwa Kiingereza, lakini unagusa uchawi na kurithi wajane, mambo ambayo mtu wa Nyalenda atakuuliza na Matthew Henry hakuulizwa.

Siku ya Alhamisi, kitabu kibaki mkobani. Anza na yule anayejua jinsi omena wanavyovuliwa kwa taa usiku wa giza, mwache aeleze kurudi ufuoni mikono mitupu kulivyo, kisha wengine wabishane. Wakikwama, wasomee sentensi mbili tu, kwa Kiswahili au Kijaluo, na uwaambie ni za nani.